Wawili Mezani: Usingizi wa Mapacha Walioungana

Kila mara redio inapotangaza kuzaliwa kwa mapacha walioungana, au kutenganishwa kwao, swali lilelile hurudi katika vikundi vyetu vya Biblia. Je, ni halali kukata mwili ambao Mungu ameuumba ukiwa mmoja? Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kulileta neno la Bwana kuhusu ndoa, lile linalomkataza mwanadamu kutenganisha kilichounganishwa na Mungu. Tuseme mapema kwamba neno hilo lilisemwa juu ya mume na mke, wala halikutolewa kama mwongozo wa upasuaji. Tukilitumia hivyo, itabidi tuwazuie wakunga nao wasikate kitovu.

Lakini swali lenyewe ni la kweli, na halijibiwi kwa mzaha. Tungependa kulitazama kutoka mahali ambapo sisi wahubiri hatupatazami mara nyingi, yaani pale kwenye kichwa cha meza ya upasuaji anapokaa mtaalamu wa usingizi. Daktari mpasuaji ndiye anayeonekana, na ndiye anayeshukuriwa na ndugu pale nje ukumbini. Yule mwingine hatajwi. Hata katika maombi yetu ya Jumapili tunaomba Mungu aibariki mikono ya daktari, nasi tukisema mikono tunawaza kisu.

Watu wengi bado huiita kazi hii "nusu kaputi", na jina hilo linaonyesha jinsi tunavyoielewa: mgonjwa anadungwa sindano, anazimika, basi. Sivyo ilivyo. Usingizi wa upasuaji haufanani na usingizi wa nyumbani, kwa maana anayelala nyumbani ukimgusa huamka. Huyu wa mezani hasikii kisu, na mara nyingi hata misuli yake ya kupumua imelegezwa, hivyo hawezi kuvuta pumzi mwenyewe. Mtu mwingine anampumulia kwa mashine, akiangalia mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni na joto la mwili, akiongeza dawa hii na kupunguza ile, dakika kwa dakika, mpaka mwisho. Katika hospitali nyingi za wilaya, na nyingi za makanisa yetu, mtu huyo ni muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hiyo. Akisinzia, mgonjwa hana namna ya kumwamsha. Tunaimba juu ya Bwana asiyesinzia wala kulala. Watu hawa wanajua neno hilo linagharimu nini.

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari waliokuja kushuhudia, na habari zikaenea upesi. Mwaka uliofuata, James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaojifungua. Zilisikika hoja za kidini kwamba uchungu wa uzazi uliwekwa na Mungu na haufai kuondolewa. Simpson aliwajibu kwa Biblia yao wenyewe. Katika Mwanzo sura ya pili, alisema, Mungu alimletea Adamu usingizi mzito kwanza, kisha ndipo akautoa ubavu. Kwa wataalamu wa usingizi aya hiyo imekuwa kama shahada yao. Sisi tungeongeza jambo ambalo Simpson hakulihitaji katika ugomvi wake: Adamu alipolala, Mungu hakuondoka. Yeye aliyemlaza ndiye aliyebaki naye, ndiye aliyefunika nyama mahali pake. Adamu hakuweza kukubali wala kukataa chochote. Usalama wake wote ulikuwa katika uaminifu wa yule aliye macho.

Sasa wawekwe mezani wawili.

Kanuni ya kwanza katika upasuaji wa mapacha walioungana ni rahisi kuitamka: kila mtoto ana watu wake. Kunakuwa na vikundi viwili vya usingizi na mashine mbili, na kila mmoja ana mipira yake ya hewa, dripu zake, damu yake iliyohifadhiwa, karatasi zake za kumbukumbu. Ili wasichanganye, hospitali nyingi huwapa watoto rangi. Huyu ni wa bluu, huyu ni wa nyekundu, na rangi hiyo hubandikwa kwenye kila waya, kila sindano, wakati mwingine hata kwenye kofia za wauguzi. Siku kadhaa kabla, vikundi hufanya mazoezi kwa madoli yaliyofungwa pamoja: nani anashika kichwa kipi wanapogeuzwa, meza ya pili itaingia kutoka upande gani, nani anaondoka na mtoto yupi wakishaachana. Wasukuma na Wanyamwezi wana busara inayofanana na hiyo. Pacha hapewi jina la pamoja. Yuko Kulwa na yuko Doto, na kila mmoja huitikia la kwake.

Lakini miili yenyewe haifuati kanuni hiyo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mapacha wengi walioungana huchangia damu, wengine kidogo, wengine kwa wingi. Dawa anayopewa wa bluu inaweza kumfikia wa nyekundu, nayo haifiki kwa muda wala kwa kiasi kinachotabirika. Mtaalamu anamlaza mmoja, naye mwenzake anaanza kusinzia bila kuguswa. Kwa hiyo mara nyingi hesabu ya dawa hufanywa kwa uzito wa wote wawili kwa pamoja, kisha hugawanywa, na hutolewa kidogo kidogo huku macho yote yakiangalia atakavyofanya yule wa pili. Kama wameungana kifuani wanatazamana uso kwa uso, na kumwingizia mmoja mpira wa hewa kooni kunahitaji mtu wa kumshika na kumgeuza mwenzake, ambaye huenda bado yuko macho. Mmoja akipoteza damu, shinikizo la mwingine laweza kushuka. Mtoto mchanga ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo tatu ana damu isiyojaza chupa moja ya soda. Katika hali kama hiyo kijiko kimoja kina uzito.

Halafu inakuja saa ya kuachana kabisa. Ngozi ya mwisho ikikatwa, moyo uliokuwa ukibebwa na mwenzake unatakiwa ujitegemee kwa ghafla, na ule uliokuwa ukibeba unatua mzigo ambao haujawahi kuishi bila huo. Yeyote kati yao anaweza kuyumba. Ndiyo sababu wale walinzi wawili hawagawani kazi kwa kusema, wewe shughulikia moyo, mimi nitashughulikia mapafu. Wanagawana watoto.

Kwa wale waliopata kipaimara zamani na wamesahau, turudi kidogo kwenye Katekisimo Ndogo. Luther anapoieleza amri ya tano haishii kwenye kutoua. Anasema tusimdhuru jirani katika mwili wake, kisha anageuka na kututaka tumsaidie katika kila hitaji la mwili. Kwa kawaida pande hizo mbili za amri hukaa pamoja kwa amani. Zinagombana siku ambayo kumsaidia mmoja ni kumdhuru mwingine, na jirani zako wawili wanatumia mshipa mmoja wa damu.

Siku hiyo ilifika Manchester, Uingereza, mwaka 2000. Tarehe 8 Agosti walizaliwa mabinti wawili walioungana sehemu ya chini ya mwili. Mahakama iliwapa majina ya kuwaficha, Jodie na Mary, na sisi tutayatumia hayo. Moyo na mapafu ya Mary havikuweza kumtunza. Aliishi kwa sababu moyo wa Jodie ulisukuma damu ya wote wawili. Madaktari walisema moyo huo usingeweza kufanya hivyo kwa muda mrefu. Wakiachwa walivyo, wote wawili wangekufa katika muda wa miezi. Wakitenganishwa, Jodie angeweza kuishi, na Mary angekufa palepale mezani. Wazazi wao, Wakatoliki waliotoka kisiwa cha Gozo huko Malta, walikataa. Walisema hawawezi kumuua mmoja wa watoto wao ili kumponya mwingine. Askofu Mkuu wa Westminster, Cormac Murphy-O'Connor, aliiandikia mahakama kuunga mkono msimamo kwamba upasuaji huo usifanywe. Tarehe 22 Septemba majaji watatu wa Mahakama ya Rufani waliuruhusu. Upasuaji ulianza tarehe 6 Novemba, ukachukua saa 20. Mary alikufa. Jodie aliishi.

Tunaona ni aibu kwamba katika mabishano mengi juu ya kesi hii wazazi wale wametajwa kama washamba waliojificha nyuma ya dini. Walikuwa wamehesabu sawasawa kuliko wengi wetu: walihesabu wawili. Na hatuna haki ya kuwacheka, maana sisi nasi huyataja mapenzi ya Mungu upesi sana, mara nyingi pale gharama za hospitali zinapozidi, si pale imani inapozidi. Wao gharama haikuwa hoja yao.

Upande wa pili nao haukuwa na roho ya mauaji. Mtoto mwenye moyo mzima, anayeweza kuishi, aachwe achoke mpaka afe, huku mikono inayoweza kumsaidia imekunjwa? Nusu ya pili ya amri ya tano inapiga kelele hapo. Mtu asijifariji kwamba akikaa bila kutenda basi hajachagua.

Kwa maoni yetu, upasuaji ule ungeweza kuruhusiwa. Lakini kuna njia za kuufikia uamuzi huo ambazo Mkristo hapaswi kuzipita. Mmoja wa majaji aliona hali ya Jodie inafanana na ya mtu anayejitetea dhidi ya anayemwua. Tunaelewa kwamba sheria ilihitaji mlango wa kupitia. Ila Mary hakumvamia mtu. Alizaliwa pale alipozaliwa, na uhai aliokuwa akiupata kwa ndugu yake hakuuiba, kama vile mtoto aliye tumboni hamwibii mama yake. Tukikubali kumwita mtoto dhaifu adui wa mwenye nguvu, tutapata taabu kulifungia neno hilo lisitoke nje ya mahakama. Wapo wazee majumbani mwetu ambao nao wanaishi kwa nguvu za moyo wa mtu mwingine. Njia nyingine ni ile ya hesabu: mmoja kuishi ni bora kuliko wawili kufa. Ni kweli kwa namba, lakini namba haijui ni nani anayelala upande wa kulia.

Hapa ndipo tunapomhitaji tena mtaalamu wa usingizi. Katika upasuaji wa namna hiyo, nani anakaa kwenye kichwa cha mtoto ambaye kila mtu mle ndani anajua hataamka? Kwa kanuni tuliyoieleza, yuko mtu wake. Mtu huyo anatakiwa kumpa dawa kamili ya usingizi, kupima shinikizo lake, kumpa joto, na kuandika katika karatasi ya huyo mtoto, si ya mwenzake, mpaka hakuna cha kuandika. Mtu wa hesabu angeuliza, ya nini? Dawa ya nini kwa anayekufa? Jibu ni kwamba mpaka dakika ile bado ni mgonjwa.

Jambo hili si dogo, wala halikuwa wazi siku zote. Hata miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga wengi walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli tu na kupewa dawa kidogo mno ya kuondoa maumivu. Iliaminika kwamba ubongo wao haujakomaa kiasi cha kuhisi kama sisi, na kwamba dawa zenyewe zingewadhuru zaidi. Hawakuweza kusogea, hivyo hawakuonekana kuumia. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha matokeo yaliyoonyesha jinsi miili ya wachanga hao ilivyokuwa ikitaabika, na kwamba waliopewa usingizi wa kutosha walipona vizuri zaidi. Desturi ikabadilika. Baadhi ya waliopasuliwa hivyo leo wana umri wetu, na kimya chao kilichukuliwa kuwa ridhaa. Kwa hiyo tunaposikia kwamba mtoto fulani hajui lolote, hasikii lolote, tuwe na tahadhari. Wenye elimu kuliko sisi waliwahi kulisema hilo wakakosea.

Kinachotofautisha kumpoteza Mary na kumtupa Mary hakionekani katika matokeo. Kinaonekana katika namna alivyoshikwa. Tunajua wapo watakaosema hiyo ni faraja ya maneno, maana kwa vyovyote amekufa, na mkono uliokata ni mkono uliokata. Hatupingi. Mchungaji wa Kilutheri Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa tarehe 9 Aprili 1945, aliandika katika tafakari zake za maadili kwamba yako mazingira ambamo mtu anayewajibika kwa ajili ya wengine hawezi kutoka akiwa safi, naye hubeba hatia hiyo mbele za Mungu akitegemea rehema tu. Tunadhani hapa ni mahali pa namna hiyo. Daktari akitoka chumba cha upasuaji siku hiyo, kanisa lisimwambie amefanya vizuri, wala lisimwambie amefanya vibaya. Limpe Meza ya Bwana.

Iko hali tofauti kabisa, ya mapacha wanaoweza kusema wenyewe. Ladan na Laleh Bijani wa Irani waliungana vichwa. Walikuwa na umri wa miaka 29, wamesoma sheria, na mmoja alitaka kuwa mwanasheria wakati mwenzake alitaka uandishi wa habari. Walielezwa hatari waziwazi, wakachagua kutenganishwa. Walifia Singapore tarehe 8 Julai 2003, baada ya upasuaji wa zaidi ya siku mbili, kwa kupoteza damu. Huku kwetu tuliwajua Maria na Consolata, waliozaliwa Ikonda, wilayani Makete, mwaka 1996, wakalelewa na masista, wakasoma mpaka wakafika chuo kikuu Iringa. Wao walisema hawataki kutenganishwa. Walifariki Iringa tarehe 2 Juni 2018, wakizidiana kwa dakika chache tu, wakazikwa katika jeneza moja.

Tumesikia watu wakitumia habari hizo mbili kama mizani: hawa walikosa imani, wale walikuwa nayo. Tunakataa. Ladan na Laleh walitaka kuonana uso kwa uso bila kioo, na hiyo si dhambi. Maria na Consolata hawakuwa na deni la kuwa kama sisi ndipo waitwe wazima. Yanayolingana katika habari hizo ni kwamba waliulizwa, na kila mmoja alikuwa na kinywa cha kujibu. Mtoto wa miezi mitatu hana. Kwa sababu hiyo wale wanaoamua badala yake wana deni kubwa zaidi kwake kuliko kwa mtu mzima, nalo haliishi saini ya ridhaa ikishawekwa. Linaendelea saa zote za usingizi.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu sisi wachungaji na wazee wa kanisa zaidi kuliko la madaktari. Wazazi wakituita hospitalini kabla ya upasuaji wa namna hii wanataka ubatizo, na watauliza mambo ambayo hatukufundishwa kwa urefu chuoni. Je, mwili mmoja unabatizwa mara moja? Hapana. Wamwagiwe maji kila mmoja kichwani pake, na kila mmoja kwa jina lake kamili, hata kama wazazi hawajapata muda wa kuchagua la pili; wasubiriwe walichague. Kama mchungaji amechelewa, muuguzi Mkristo anaweza kubatiza, nao ni ubatizo halali. Tusiseme "tunawabatiza" kwa pamoja ili kuokoa muda. Na pale madaktari wametueleza ni yupi asiyetarajiwa kurudi, msimamizi wa ubatizo wake asikosekane, wala ibada yake isifupishwe ili tuwahi kwa mwenzake. Jina lake liandikwe katika daftari la usharika siku hiyohiyo, kwenye mstari wake.